Usimruhusu fundi avue usukani wa hiyo Beetle kabla hujashika testa

Mkuu, salamu tutapeana baadaye. Kwanza mpigie huyo fundi, mwambie Jumamosi asije na boksi la 27, ile spana ya kufungulia nati ya usukani.

Umesema Volkswagen Beetle yako ni ya 1971. Indiketa ya kulia inapepesa vizuri, ya kushoto inapepesa mbio mbio na siku nyingine inagoma kabisa, na fundi ameshakata shauri kwamba kijiti cha indiketa, ile swichi iliyo nyuma ya usukani, kimekufa. Mimi nina ya 1972, na niliambiwa maneno hayo hayo: "Kijiti kimekufa, bosi."

Hakikuwa kimekufa!

Fundi wangu hakupima kitu. Alikichezesha kijiti juu na chini mara tatu, akatikisa kichwa, akanituma maduka ya spea ya Gerezani nikanunue kingine. Muuzaji akaniapia kwamba anachonipa ni orijino ya Mjerumani. Nikalipa 95,000. Kumbe ni plastiki laini, ukiibana kwa kidole inabonyea. Kile cha zamani, chenye chapa ya SWF, kilichokaa kwenye gari miaka 50, fundi akakitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu nami nimesimama pale pale. Nilipokirudia kesho yake, ndoo ilikuwa imeshauzwa. Linaniuma hadi leo, kwa sababu kile kijiti kilikuwa kizima na vya namna ile havitengenezwi tena.

Bado. Nyuma ya usukani wa Beetle kuna pete yenye ulimi mdogo, na ulimi huo ndio unaorudisha kijiti ukishamaliza kona. Kwa hiyo usukani unaporudishwa, matairi yawe yamenyooka na kijiti kiwe katikati kabisa. Fundi alikuwa anajaribu taa, akakiacha kijiti kimelalia kushoto, akapachika usukani hivyo hivyo na kukaza nati. Nikasikia "kach", sauti ndogo kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Nikamuuliza. Akasema ni usukani unakaa mahali pake. Kona ya kwanza baada ya kutoka gereji, nasukuma kijiti hakishiki, kinaanguka chenyewe. Kipande cha plastiki cha ndani kilikuwa kimekatika. 95,000 haikumaliza hata nusu saa.

Nikahangaika wiki tatu kupata kijiti cha zamani kilichong'olewa kwenye gari nyingine: 240,000. Ufundi 30,000, mara mbili. Jumla 395,000. Shemeji yenu akaniuliza kama hii gari naitolea mahari. Nikamwambia gari iliyofika umri huu bado inatembea inastahili.

Na baada ya yote hayo, kushoto bado inapepesa mbio mbio.

Aliyeitibu ni mzee mmoja jirani, kwa testa, kile kibalbu cha kupimia umeme, na kipande cha msasa. Hakugusa usukani. Aliweka swichi on, akasukuma kijiti kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye taa ya nyuma, akafungua kioo. Gari ilikuwa imetoka kupigwa rangi miezi michache kabla. Ile taa inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia bodi, pale inapofungwa kwenye madigadi, na rangi mpya ilikuwa imetanda mpaka chini ya skrubu. Akakwangua sehemu isiyozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba, bati likang'aa, akarudisha skrubu. Tik, tak, tik, tak. Balbu moja ikikosa ethi ni sawa na imeungua: flasha, kile kidude kinachofanya taa zipepese, inaona mzigo umepungua, inaanza kukimbia. Kijiti hakihusiki kabisa.

Basi nakuomba, testa kwanza. Fungua buti la mbele, toa ile kadibodi, utaona waya nyuma ya dashibodi. Mweusi wenye mistari ya nyeupe na kijani unaleta umeme kutoka kwenye flasha kwenda kwenye kijiti. Mweusi wenye mstari mweupe unatoka kwenda taa za kushoto, mweusi wenye mstari wa kijani unakwenda kulia. Sukuma kijiti kushoto, gusa ule wa mstari mweupe. Testa ikiwaka, kijiti chako kimefanya kazi yake na ugonjwa uko mbele yake: balbu, kutu kwenye kishikio, ethi. Kwako kulia kunapepesa vizuri, kwa hiyo flasha ni nzima, na swichi ya hazadi, ile ya kuwasha indiketa zote pamoja, ambayo umeme wa indiketa unapitia kwanza, nayo inapitisha.

Ikitokea umeme unaingia kwenye kijiti na hautoki upande wa kushoto, hapo ndipo mtu aguse usukani, tena baada ya kutoa waya wa hasi kwenye betri chini ya siti ya nyuma. Na kijiti cha zamani kiweke kabatini kwako. Asikishike mtu.

Fundi anayekuja bila testa anakisia, na makisio yake unayalipia wewe. Huyo wako anayo? Na kitu kimoja hukukisema: hiyo gari imepigwa rangi lini?