Usifungie OpenSSL ndani ya programu yako

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nimeandika programu ya kuonyesha maji kujaa na kupwa kwa manahodha wa hapa. Isiharibike kwenye kompyuta za watu, nimefungia ndani nakala zangu za OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) na SQLite (maktaba ya hifadhidata), na skripti ya kusakinisha kila kitu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine. Nataka iingie Debian, mfumo endeshi huru wa Linux. Je, kilichobaki ni faili la debian/control tu, lile la maelezo ya kifurushi?
— Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Hilo faili ni kazi ndogo. Kinachonisumbua ni hizo nakala, maana vijana wanaoniletea programu zao hapa Malindi karibu wote wamezibeba, wamedanganywa na video zinazoahidi kwamba "itafanya kazi popote".

Itafanya kazi, naam. Lakini Aprili 2014 ilipotangazwa Heartbleed, kasoro ya OpenSSL iliyomwezesha mtu wa mbali kusoma kumbukumbu ya seva, hata funguo za siri, Debian ilirekebisha maktaba moja ya pamoja. Mtu akisasisha na kuwasha upya huduma zake, programu zote zilizoitegemea zilipona kwa mkupuo. Iliyobeba nakala yake ndani ilibaki na kasoro ile ile mpaka mwandishi wake atoe toleo jipya. Ukibeba OpenSSL, basi kila kasoro yake ni mzigo wako, kwa niaba ya manahodha wasiojua hata kwamba imo. Sera ya Debian yenyewe inataka vifurushi visitumie nakala za namna hiyo.

Zitoe. Kwenye control taja libssl-dev na libsqlite3-dev, vifurushi vya Debian vya maktaba hizo, za kujengea. Maktaba za kuendeshea, zana ya Debian iitwayo dpkg-shlibdeps itazitafuta. Makefile yako, faili la maelekezo ya kujenga, iheshimu DESTDIR (folda ya muda ambamo faili hukusanywa ili zifungashwe), na isipakue chochote mtandaoni wakati wa kujenga. Weka leseni. Kisha fungua taarifa ya ITP (nia ya kufungasha), utafute mdhamini wa kukupakilia kifurushi Debian. Kama hutaki kufungasha mwenyewe, fungua RFP (ombi la kufungashiwa).

Skripti nayo itupe. Inaandika ndani ya /usr bila dpkg, programu ya Debian inayosimamia vifurushi, kujua, na siku ya kuiondoa programu hakuna anayejua kipi kiliwekwa wapi. Hao wanaofundisha watu kubandika amri ya curl inayoingia moja kwa moja kwenye sudo bash, yaani kupakua skripti na kuiendesha papo hapo kwa mamlaka yote, wanamzoesha mwalimu, karani na nahodha kukabidhi mashine nzima kwa msimbo ambao hawajausoma. Wakikuletea njia hiyo ya mkato, waulize: kasoro ikitangazwa kesho, nani ataiziba, na marekebisho yatamfikiaje mtu wa Pate aliyesakinisha mwaka juzi?