Nguzo za Stenlesi Mbele ya Bahari

SWALI: Assalam aleikum. Miezi minane iliyopita nilijengewa ukingo mpya katika roshani ya nyumba yetu ya Nyali inayoelekea baharini: nguzo za stenlesi zilizoachana mita moja na nusu, na nyaya kumi zilizopitishwa katika matundu ya nguzo hizo. Juu yake fundi hakuweka kitu, ili mandhari yasizibwe. Sasa nguzo zimepata madoa ya rangi ya chai, na nyaya zimelegea. Fundi amekuja mara mbili kuzikaza, lakini kila akiukaza waya wa chini, ule wa juu unalegea. Madoa ameniambia niyaoshe kwa asidi ya vigae. Je, niliuziwa chuma bandia? Nina wajukuu wawili wadogo.
Bibi wa Nyali

JIBU: Wa aleikum salaam, mama yetu. Tuanze na nyaya, kwa kuwa madoa yanaudhi macho tu, ilhali ukingo uliolegea unaweza kumwangusha mtoto.

Waya mmoja wa ukingo hukazwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Kwa hiyo nyaya kumi huivuta nguzo ya mwisho kwa takriban tani moja, usiku na mchana, wakati nguzo za katikati, ambazo nyaya zimepita tu ndani yake, hazibebi mvuto huo. Anachokiona fundi wako ndiyo dalili yenyewe: kila anapoukaza waya mmoja, nguzo ya mwisho hupinda kidogo kuelekea ndani, na waya uliokwisha kukazwa hulegea. Anaweza kurudi mara kumi bila mafanikio. Dawa ni kile alichokiacha kwa ajili ya mandhari, yaani bomba la juu linalotoka nguzo hadi nguzo na kuzizuia zisikaribiane. Apime pia unene wa chuma cha nguzo za mwisho, kwani bomba la milimita moja na nusu ni jembamba mno kwa kazi hiyo. Mimi nisingekubali chini ya milimita tatu. Akimaliza, aanze kukaza nyaya za katikati, kisha apande na kushuka kwa zamu.

Nafasi ya mita moja na nusu nayo ni kubwa. Mpira wa kipenyo cha sentimita 10 haupaswi kupenya hata ukisukumwa, na hilo ni gumu nguzo zinapozidi mita 1.2. Kati ya kila nguzo mbili aongeze fito ya stenlesi yenye matundu, ishike nyaya zisitanuke.

Kuhusu madoa, si lazima uwe umedanganywa. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake, na chumvi ya bahari huutoboa utando huo. Aina ya 304, ambayo ndiyo ya kawaida, haina molibdenamu, metali inayousaidia utando huo kustahimili chumvi. Aina ya 316 ina asilimia mbili hadi tatu, na ndiyo ifaayo pwani, ingawa nayo hupata madoa isipooshwa. Sumaku haiwezi kuzitofautisha, hata muuzaji akiitoa mfukoni kwa kujiamini. Dai cheti cha kiwanda kinachotaja aina ya chuma. Ikiwa madoa yamejikusanya penye maungio, huenda fundi hakusafisha weusi wa kuchomelea, au alitumia jiwe la grainda lililokwisha kusagia chuma cha kawaida.

Asidi ya vigae usiiguse kabisa. Hiyo ni haidrokloriki, yenye kloridi ileile inayokuletea madhara kutoka baharini, ila kali zaidi. Jiki vilevile ni adui, na stilwuli huacha chembe zinazoshika kutu. Tumia kitambaa laini, sabuni ya kawaida na maji matamu, kisha kausha. Nasisitiza matamu kwa sababu visima vingi vya Mombasa hutoa maji ya chumvi, na kuoshea hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Sehemu zilizo chini ya paa zioshwe mara nyingi zaidi, maana mvua haizifikii. Doa likitoka na chuma kikabaki laini, nguzo ni nzima; ukucha ukikwama katika vishimo, mwite fundi aikague nguzo hiyo kuanzia kitako chake.

Hadi bomba la juu litakapofungwa, ondoa viti karibu na ukingo, kwa kuwa nyaya za kulala ni ngazi kwa mtoto, na wajukuu wasiachwe roshanini peke yao.