Krotoni ikipoteza rangi, tazama jua kwanza

Krotoni, ile mimea ya mapambo yenye majani ya rangi nyingi, zangu tatu za mwanzo nilizinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, njia ya Bamburi. Moja ilikuwa na majani mapana yenye mishipa myekundu, mbili zilikuwa na majani membamba yaliyojipinda kama maranda ya seremala. Nilizipenda mno, nikaziweka na vyungu vyao chini ya mwembe nikiogopa jua la Mombasa lisije likaziunguza. Miezi minne baadaye zilikuwa zimerefuka, zimelegea, na kijani kimetanda kila mahali. Nikaamini nimeuziwa miche mibovu.

Jirani yangu, bibi ambaye ua wake mzima ni krotoni, alikuja akaligeuza jani moja, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mti huu wataka jua. Rangi yake yatoka huko."

"Halitauchoma, bibi?"

"Litauchoma ukiutoa ghafla. Usogeze kidogo kidogo."

Jani changa la krotoni mara nyingi hutoka kijani au manjano. Wekundu na rangi ya chungwa huja linapokomaa kwenye mwanga. Kivulini hubaki kijani. Kwa hiyo wiki ya kwanza nilizipa jua la asubuhi tu, kisha nikazisogeza hatua kwa hatua. Majani ya chini yakapukutika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Krotoni haipendi kuhamishwa. Hudondosha majani, halafu huchipua upya. Iache palepale.

Mimi niliingiwa na huruma nikawa nazimwagia maji ya kisima kila jioni. Hilo lilikuwa kosa langu kubwa zaidi. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na baada ya muda ncha za majani zilikauka zikawa za kahawia. Sasa natumia maji ya mfereji, au ya mvua ninayoyakinga kwenye pipa, na namwagia pale tu ninapochomeka kidole nikakuta udongo umekauka juu. Mizizi ikikaa majini huoza.

Ukipanda ardhini, kumbuka tumekaa juu ya jiwe la matumbawe. Udongo wake una chokaa nyingi, na mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga hupauka huku mishipa ikibaki kijani. Chimba shimo pana, uchanganye samadi iliyooza vizuri na mboji ya majani. Mwanzo wa masika ndio wakati wangu, mvua inanisaidia kazi.

Kuzalisha ni rahisi, unakata tawi tu kama la mhogo, ambao ni wa ukoo mmoja na krotoni. Kata ncha ya tawi yenye urefu wa shubiri hivi, ondoa majani ya chini, uchovye kwenye maji mpaka utomvu uache kutoka. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi, ila yaoshe sana kwanza, kwa sababu makumbi yaliyoloweshwa baharini hubeba chumvi. Funika kwa chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyokatwa kitako, uweke kivulini. Kwangu mizizi hutoka baada ya wiki tano au sita.

Huo utomvu ujihadhari nao. Leso yangu moja ina madoa ya kahawia ambayo hayajatoka mpaka leo. Ngozi nyingine huwasha, na majani yakitafunwa ni sumu, kwa hiyo waangalie watoto wadogo.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, geuza majani utafute wadudu weupe kama pamba. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie kila wiki mpaka waishe. Na tawi likirudi kijani tupu likate kuanzia linapoanzia, kwani huwa na nguvu kuliko yenye rangi na litayapita.

Masika haya nilimpelekea bibi miche miwili ya ile yenye majani yaliyojipinda. Yeye hiyo hakuwa nayo.