Kwa nini takwimu haziondoi hofu ya teknolojia mpya?

Swali: Mimi ni mhandisi. Kila ninapowaeleza watu kwamba magari huua wengi kuliko mitambo ya umeme wa nyuklia, hunisikiliza kwa adabu, kisha hubaki na hofu ileile. Je, wamekosa elimu?

Jibu: Ndugu msomaji, elimu ina nafasi yake, lakini sidhani kwamba tatizo liko hapo. Neno "hatari" katika Kiswahili hubeba maana nyingi kwa pamoja: wewe unalitumia kuhesabu vifo vya mwaka, nao wanalitumia kupima mambo mengine zaidi ya vifo.

Mwanasaikolojia Paul Slovic na wenzake nchini Marekani waliliona jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1970, walipoyaomba makundi mbalimbali yapange shughuli na teknolojia 30 kwa kadiri ya hatari yake, kuanzia iliyo ya hatari zaidi. Wanawake wa chama kimoja cha kiraia, na wanafunzi wa chuo vilevile, waliuweka umeme wa nyuklia katika nafasi ya 1, ilhali wataalamu waliuweka katika nafasi ya 20. Kwa eksirei mambo yaligeuka: wataalamu waliipa nafasi ya 7, wanawake wale nafasi ya 22. Utasema mionzi ni mionzi. Hata hivyo, eksirei mtu huikubali mwenyewe mbele ya daktari anayemwamini, na faida yake huiona mapema. Mtambo hujengwa kwa uamuzi wa wengine, mionzi yake haionekani kwa macho, na ukiharibika huweza kuwadhuru watu wengi kwa mara moja, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa.

Suala la hiari lilikuwa limekwisha kuguswa mwaka 1969 na Chauncey Starr, mtaalamu wa nishati ya nyuklia wa Marekani, aliyekadiria kwamba watu huvumilia hatari ya kujitakia iliyo kubwa mara 1,000 hivi kuliko ile wanayotwishwa. Kiwango hicho kilipingwa baadaye, na mimi pia nisingekishikilia.

Kwa hiyo mfano wako wa magari, ingawa hesabu yake ni sahihi, unajibu swali ambalo hawakuliuliza. Ajali ya mwaka 1979 katika mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, haikuua mtu papo hapo, lakini iliwafanya wengi wahoji kama wasimamizi wa mitambo wanaielewa kweli. Safari ijayo, anza na hilo: nani anaukagua mtambo, nani ana mamlaka ya kuuzima, na wakazi wa jirani watapata habari baada ya muda gani kasoro ikitokea.