Rick Mears: dereva aliyejua lini akanyage na lini aache

Wadau habari zenu. Hii naiandika zaidi kwa vijana wetu wanaoingia kwenye malori huku Marekani, maana kila nikisimama kujaza mafuta pale barabara kuu ya I-70 naona sura mpya, mtoto wa Tanga, mtoto wa Mombasa, mtoto wa Bukavu, leseni ndo kwanza kaipata na tayari anataka kukimbizana na watu waliozeekea barabarani. Mi nakaa Indianapolis, mji wa mbio za magari za Indy 500, na dereva niliyejifunza kwake kuliko wote ni mstaafu mmoja anaitwa Rick Mears.

Kwa msiomjua: kashinda Indy 500 mara nne, 1979, 1984, 1988 na 1991. Kwenye historia yote ya mbio hizo walioshinda mara nne ni watu wanne tu, A.J. Foyt, Al Unser, yeye na Hélio Castroneves. Na kuanza wa kwanza kabisa kwenye mstari kaanza mara sita, hiyo hakuna mwingine aliyeifikia. Ukienda makumbusho yaliyo ndani ya uwanja utakuta lile kombe kubwa la fedha, refu karibu sawa na mtu mzima, kila mshindi kachongwa sura yake ndogo pale juu, na yake unaikuta, unahama kidogo unaikuta tena, unazidi kuzunguka unaikuta tena.

Sasa huyu jamaa hakutokea kwenye pesa. Kakulia Bakersfield, California, kaanza kwa kukimbiza vigari vya jangwani kwenye mchanga. Mwaka 1978 Roger Penske, mwenye timu ya mbio, alimchukua kama dereva wa kushikia nafasi, kwa sababu dereva wake Mario Andretti alikuwa Ulaya kwenye Formula One, yani Mears alipewa baadhi ya mbio tu, sio msimu mzima. Na mwaka huohuo akashinda mbio tatu! Nawaambia vijana kila siku, ukipewa kazi ya siku chache kwenye kampuni yenye magari mazima na mafundi wanaojua kazi, ichukue, usikimbilie anayekuahidi maili nyingi na lori lenyewe tairi zimeisha.

Lakini kilichonifanya nimpende ni jinsi alivyokuwa anaendesha. Indy ni mizunguko 200, kama km 805 hivi, na Mears hakuwa na shida ya kuongoza mapema. Mizunguko ya mwanzo alikuwa anaisikiliza gari, inateleza wapi, inagoma kona gani, kila akiingia piti, pale gari inaposimama kujazwa mafuta na kurekebishwa, anawaambia mafundi rekebisha hapa punguza pale, mpaka inapobaki sehemu ya mwisho gari imekaa anavyotaka yeye, wenzake ndo kwanza wanahangaika na magari waliyoyachosha tangu asubuhi.

Angalieni 1991 mjionee. Siku moja kabla ya kufuzu, yani siku ya kupima spidi ili kupanga nani aanze wapi, alipiga ukuta mazoezini, kitu kimekatika nyuma ya gari, mguu wa kulia ukavunjika mfupa, na akaficha ukubwa wa maumivu, kesho yake akarudi akachukua nafasi ya kwanza. Kwenye mbio zenyewe mguu ukawa unauma kiasi kwamba kuna wakati alivusha mguu wa kushoto ukakanyage mafuta badala ya ule wa kulia. Imebaki mizunguko kama 13, Michael Andretti, mtoto wa yule Mario, anampita kwa nje kwenye kona ya kwanza, pembeni ya ukuta kabisa, sehemu ambayo watu wanaogopa. Mears hakupaniki. Mzunguko uliofuata, kona ileile, nje vilevile, karudisha nafasi yake. Akaondoka, akashinda. Mi ile video nimeitazama sijui mara ngapi na kila nikiiona nywele zinasimama, kwa sababu mtu hapati nguvu ya kufanya hivyo mwishoni kama alizimaliza mwanzoni.

Na sisemi subira inakupa ushindi kila siku, hapana. 1982 alikuwa nyuma ya Gordon Johncock zaidi ya sekunde kumi baada ya piti ya mwisho, timu ilimjazia mafuta mengi kuliko alivyohitaji, akapunguza pengo kila mzunguko mpaka mstari wa mwisho wakatofautiana sekunde 0.16. Kashindwa. Mwaka huo bado akachukua ubingwa wa msimu.

Huku barabarani sheria inakupa saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 za kazi. Ushauri wangu, saa mbili za kwanza usizitumie kutafuta maili, zitumie kulijua lori la siku hiyo. Breki zinashika sawa? Trela inavuta upande? Mzigo umetulia au unacheza kwenye kona? Mi nimepita I-80 kule Wyoming siku za upepo, trela tupu zimelala pembeni kama watoto wamechoka, na mara nyingi nimejiuliza wale wenzetu kama walipata nafasi ya kusikia gari inavyoyumba kabla ya kuongeza spidi. Ukisikia mapema unasimama, unakunywa chai, unampigia dispacha, yule anayekupangia safari, unamwambia upepo ni mkali sitembei. Atakasirika, sawa, akasirike.

Upande wa pili ndo mgumu zaidi, kuacha. Septemba 1984 huko Sanair, Quebec, Mears alipiga reli ya pembeni na miguu yote miwili ikasagika, manake magari ya wakati ule miguu ya dereva ilikaa mbele kabisa. Kukawa na mazungumzo ya kuikata. Akaletwa hapa Indianapolis, daktari Terry Trammell akaifanyia kazi, na Agosti 1985 Mears akashinda mbio za Pocono. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia muoga. Ila 1992, baada ya ajali nyingine mbili Indy, moja mazoezini na nyingine siku ya mbio, akaangalia moyoni akaona ile hamu haipo kama zamani. Desemba, kwenye sherehe ya Krismasi ya timu, akawatangazia basi. Alikuwa na miaka 41 na hakuna aliyemfukuza.

Mi nilipoanza kuamka sina hamu ya kupanda lori, sio uchovu maana uchovu ukilala unaisha, nilikaa na mama watoto tukapiga hesabu, nikaacha safari za wiki mbili mbili nikachukua za siku moja humuhumu Indiana. Mshahara ulipungua, tukabana matumizi. Jioni nala nyumbani na siku za mapumziko nawafundisha wageni kurudisha trela kinyumenyume.

Mears naye hakupotea, alibaki na Penske kama mshauri wa madereva. Castroneves alikuta kiti pale mwaka 2000, akashinda Indy 2001, 2002 na 2009 akiwa na Mears pembeni, na ya nne akaipata 2021 kwenye timu nyingine.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiwa bado una nguvu anza kujifunza kazi ya pili inayogusa hii, udispacha, ufundi, ualimu wa leseni, na usinunue lori lako la mkopo wa miaka mingi kabla hujazungumza na mwenza wako mnataka uwe barabarani mpaka lini. Mwenye swali la kuhamia safari za karibu aniulize, nitamjibu nikishapaki.