Pigeni Hesabu ya Kurudi: Kwa Bendi Ndogo Zinazoalikwa Nje ya Mji

Kila bendi ndogo ya Arusha hufikia siku inapopigiwa simu kutoka Karatu, Babati, Rombo au Same, na mtu wa upande wa pili anasema, "Tumesikia habari zenu." Basi kila mmoja anaota mabawa. Mpiga solo anawaza viatu, mwimbaji anawaza wimbo wa kufungulia, na kiongozi, ambaye simu iko mkononi mwake, anataja bei palepale. Usitaje bei kwenye simu ya kwanza. Mwambie, "Nitakupigia jioni, mzee wangu," kisha kaa chini na kalamu.

Mimi napiga besi kwenye bendi ya watu saba, na daftari la hesabu limekaa kwangu kwa muda mrefu. Tunapiga rumba na zilipendwa baa za mjini kila wikiendi, na harusi zikija tunazifuata zilipo. Kwa ninavyoona, bendi ndogo haivunjikii jukwaani hata siku shoo ikiharibika. Inavunjikia garini saa tisa usiku, kati ya Meserani na Kisongo, mtu anapouliza kutoka kiti cha nyuma, "Kwa hiyo kila mtu anapata ngapi?" Jibu likiwa dogo kuliko alichoahidi nyumbani kwake, Jumatano haji mazoezini.

Tuchukue Karatu kama mfano. Kutoka Arusha ni kama kilomita 140, lami tupu. Mwenyeji amesema atatoa laki tisa, nanyi mmeshaanza kushangilia. Watu saba, dramu, tumba, kinanda na amplifaya haviingii kwenye Noah moja, kwa hiyo mnakodi Hiace na dereva wake; tuseme 250,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 280, na gari lililojaa vyombo likipanda ule mlima wa Mto wa Mbu halina huruma, kwa hiyo weka kilomita nane kwa lita: lita 35, ambazo kwa petroli ya shilingi 3,000 ni 105,000. Chakula na maji kwa watu wanane, elfu kumi kila mmoja, 80,000. Mkilala, vyumba vinne vya 25,000 ni laki moja. Hapo 535,000 imeondoka na hamjapiga hata noti moja. Iliyobaki, 365,000, igawe mafungu manane, saba ya watu na moja la mfuko wa nyuzi na kebo. Kila mtu anaondoka na elfu arobaini na tano na ushee.

Na bado hujahesabu Jumamosi mliyoiacha mjini. Kama baa yenu ya kila wiki inampa kila mmoja elfu thelathini, Karatu imewaongezea elfu kumi na tano, usingizi mbovu, na mwenye baa aliyenuna ambaye huenda Jumamosi hiyo amejaribu bendi nyingine na ikampendeza. Sisemi msiende. Nasema bei ya kwenda Karatu siyo laki tisa. Nendeni na hesabu hiyo iliyoandikwa, mwenyeji aione. Wengi wakiona mafuta yako hapa na vyumba viko pale, wanasema, "Vyumba niachieni mimi, shemeji yangu ana gesti." Laki moja imerudi mfukoni bila kubishana.

Petroli ina jambo lake. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukikubaliana bei mwezi wa sita kwa harusi ya mwezi wa tisa, andikeni kwamba mafuta ni kwa bei ya siku ya safari. Mwenyeji akikupa gari lake mwenyewe, shukuru, halafu uliza linarudi saa ngapi na nani analiendesha. Gari la mwenyeji huondoka mwenyeji akitaka. Tumewahi kukaa juu ya spika zetu hadi jua lilipochomoza kwa sababu dereva alikuwa pia mjomba wa bibi harusi.

Nusu ya fedha iingie kwenye simu kabla gari halijatoka Arusha, na nusu ya pili ilipwe kabla ya kipindi cha mwisho cha kucheza, si baada yake. Kwenye harusi, anayekupigia simu mara nyingi ni rafiki wa bwana harusi mwenye shauku, na shauku haina pochi. Omba jina na namba ya mhazini wa kamati, umpigie mwenyewe umsikie anavyokubali. Mhazini naye ni binadamu: amechoka na amekesha wiki nzima, saa sita usiku atakwenda kulala na simu atazima. Mfuate wakati watu wanakula. Kwa upole, "Dada yangu, tumalizane ili nikuache upumzike." Halipwi mtu aliyesubiri taa zizimwe.

Baa za miji mingine zina mtego wa malipo ya getini. Ukikubali kulipwa kwa kiingilio, weka mtu wenu mlangoni, akae hapohapo, asicheze hata wimbo mmoja. La sivyo mwisho wa usiku utaambiwa nusu ya ukumbi walikuwa wageni wa nyumbani. Mahali pasipowajua, mimi huomba nauli na chakula vihakikishwe kwanza, halafu kiingilio tugawane. Mwenye baa akikataa hata nauli, yeye mwenyewe haamini kwamba watu watakuja, na anawafahamu watu wa mji wake kuliko wewe.

Sasa umeme, maana hapa nimeona wanamuziki wazuri wakidhalilika. Ukumbi wa pembeni ya mji una soketi moja ya kuaminika, na kwenye soketi hiyo fundi wa taa, DJ, friji ya soda na bendi wote wamejibandika. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230. Mahali palipo mbali na transfoma, usiku wote wakiwasha, unashuka vibaya, na kinanda ndicho kinachoanza kuzimika na kuwaka. Bebeni mita ya fundi umeme, inauzwa rahisi kuliko maiki moja, mpime kabla ya kuchomeka chochote. Bebeni stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, kwa ajili ya kinanda na mikisa. Mwenyeji akisema ana jenereta, uliza ni la kVA ngapi, yaani lina nguvu kiasi gani, na litabeba nini kingine, kwa sababu jenereta linalotosha bendi halitoshi bendi pamoja na friji na taa za jukwaani.

Jambo la pili ni shoti za maiki. Mpiga gitaa anayeimba anagusa maiki kwa mdomo na kurushwa nyuma, watu wanacheka wakidhani ni mbwembwe. Hiyo hutokea gitaa likiwa kwenye umeme wa soketi moja na mikisa kwenye soketi ya upande mwingine wa ukumbi, au moja ya hizo ikiwa haina waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini. Vyombo vyote vya jukwaani vichomekwe chanzo kimoja, kwa ekstensheni yenu nzito yenye pini tatu, na msikubali mtu akate ile pini ya tatu ati ili iingie. Mlio wa "mmmmm" kwenye spika nao mara nyingi unaondoka hapohapo. Kabla ya mwimbaji kuweka mdomo, gusa maiki kwa mgongo wa vidole huku umeshika nyuzi za gitaa. Ikikuchoma kidogo, afadhali vidole.

Halafu kuna baridi na joto, jambo ambalo bendi ya Dar haina habari nalo lakini sisi tunaishi nalo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 900, na ukipanda Marangu unarudi juu tena. Gitaa lililotyuniwa Arusha asubuhi likifika kwenye joto la Moshi mchana, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Lipandishe Marangu jioni, nyuzi zinakaza na sauti inapanda, huku ngozi za tumba zikinywa ukungu na kulegea. Kwa hiyo fungueni mikoba mara mkifika, vyombo vikae ukumbini angalau nusu saa, ndipo mtyuni. Nimeona bendi ikitoa gitaa kwenye mkoba MC akiwa ameshaita jina lao. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda kama watu wawili wanaobishana.

MC wa harusi ndiye bosi wenu, mpende msimpende. Mtafuteni mapema, muulizeni ratiba, na muulizeni hasa bendi inaingia kabla ya keki au baada. Uchagani kuna saa ya ndafu: mbuzi mzima aliyechomwa anaingia ukumbini kwa shangwe, wabebaji wanacheza hatua moja mbele, moja nyuma. Bendi iliyokaa kimya wakati huo, au iliyopiga rumba la mapenzi ya huzuni, haiitwi tena. Jifunzeni wimbo mmoja au miwili ya kienyeji, lakini uwe wa watu hao. Kichaga si kimoja. Ukipeleka wa Machame kule Rombo wazee watatabasamu kwa adabu, na hiyo adabu utaijua.

Pamoja na yote hayo, mimi napenda kutoka. Mjini wametuzoea, wanaongea wakati tunapiga, wanaomba kopi zilezile. Babati kuna usiku watu walicheza mpaka mwenye baa akaja kutunong'oneza kwamba bia imeisha, na wao wakaendelea kucheza na soda. Ukipiga mbele ya watu wasiokujua unagundua wimbo upi ni mzuri kweli na upi ulikuwa unapigiwa makofi na marafiki. Na asubuhi yake unaketi na wenyeji kwenye machalari ya moto, zile ndizi zilizopikwa na nyama, unapewa namba mbili tatu za simu. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipiga muziki hapahapa Arusha kabla ya kuvuka mpaka, na Nairobi mwaka 1971 wakawa Simba Wanyika. Kama wangeng'ang'ania baa moja sijui tungewasikia wapi.

Ukitaka nawe kuvuka mpaka wa Kenya pale Namanga, kaa na orodha ya kila chombo pamoja na namba yake ya utengenezaji, iliyochapwa, nakala kadhaa. Forodha wakiuliza vyombo vinaenda kuuzwa au vinarudi, karatasi hiyo ndiyo jibu. Ndani ya nchi, nakala ya cheti cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, iwe ndani ya gari, na mwenye ukumbi athibitishe kabla kwamba ana kibali na muziki unazimwa saa ngapi. Dereva aheshimu ile kilomita 50 kwa saa ya vijijini. Faini inatoka kwenye mafungu yenu manane.

Kurudi usiku sikushauri, hasa kutoka Babati. Pale Kwakuchinja ni ushoroba wa wanyama kati ya Tarangire na Manyara, na pundamilia hana taa za nyuma. Laleni, mtoke alfajiri. Ile laki ya vyumba msiikate kwenye hesabu ili kupendezesha bei. Mimi nimelikatalia hilo bendini hadi kuitwa mzee.

Kuhusu majira: wakati wa Kwaresma harusi za Wakristo hukatika karibu zote, na mara nyingi masika inaingia hapohapo, kwa hiyo usichukue mkopo wa spika kwa matumaini ya mwezi wa tatu. Desemba ni kinyume. Wachaga wanarudi nyumbani, barabara ya Boma Ng'ombe inajaa magari kutoka Dar, na kati ya Krismasi na mwaka mpya Moshi ina harusi, ubatizo na sherehe za ukoo siku hiyohiyo. Simu za Desemba zinaanza kuingia mapema, kuanzia mwezi wa nane. Pangeni bei ya Desemba mapema, na msichukue shughuli mbili kwa siku moja Himo na Machame mkidhani ni karibu. Foleni itawakuta katikati na kamati zote mbili zitakuwa kwenye simu.

Lililobaki ni tuzo, na hili bado linatusumbua. Watu wa nje ya mji wanatuza kwa ukarimu. Noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, na mpiga dramu aliye gizani nyuma hatuzwi na mtu. Bendi nyingine kila mtu anabaki na chake, nyingine vyote vinaingia ndooni. Sisi tumefika kwenye nusu kwa aliyetuzwa, nusu ndooni, na ndoo inahesabiwa mbele ya wote kabla gari halijawashwa. Nakiri nina maslahi, maana besi nayo haituzwi. Mwimbaji wetu anataka robo tatu, na hoja yake si mbaya: jasho ni lake, na suti amenunua mwenyewe. Tumekubaliana kulijadili Januari, shughuli za Moshi zikiisha.