Ninaimba «ni salama» na bado ninalia

SWALI: Mhariri, kamwene. Mimi ni mama wa watoto watatu, ingawa wanaolala nyumbani sasa ni wawili, kwa kuwa mwaka juzi, mwezi wa saba, katika baridi ile ya Njombe mnayoijua, tulimzika binti yetu wa kwanza aliyekuwa na miaka 11. Siku ya mazishi kwaya iliimba «Ni salama rohoni mwangu» kutoka Tenzi za Rohoni, na tangu siku hiyo wimbo huo haujaniacha. Ninauimba jioni nikimenya viazi, na mara nyingine ninauimba nikiwa nimelishika sweta lake la shule ambalo mpaka leo sijaweza kumpa mtu. Nikifika kwenye «nionapo amani kama shwari» ninapata nafuu ya kweli, hata usingizi huja. Ubeti wa mwisho, unaomwomba Bwana ahimize siku ya kuja kwake, siuimbi, kwa sababu nina wadogo wawili wa kulea na sitaki siku hiyo ihimizwe.

Mwenzangu wa kwaya ameniambia kwamba kuimba «ni salama» huku machozi yananitoka ni kumdanganya Mungu. Mama mkwe naye anasema huo ni wimbo wa Wazungu waliozama na meli, na mimi hata bahari sijawahi kuiona, kwa hiyo nitafute wimbo unaonihusu. Je, ni kweli kuna habari ya meli? Na je, ninakosea kuuchukua wimbo kipande kipande na kuupa maana yangu?
Msomaji, Njombe

JIBU: Kamwene, mama, na pole sana kwa msiba ambao, kwa jinsi ulivyoandika, haujafikisha umri wa kuitwa wa zamani.

Nianze na meli, maana hapo mama mkwe wako ana habari ya kweli, ila imemfikia nusu. Maneno ya wimbo huo yalitungwa kwa Kiingereza na Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, Marekani. Mwaka 1873 alimtanguliza mke wake, Anna, pamoja na binti zao wanne kwenda Ulaya kwa meli iliyoitwa Ville du Havre, yeye akabaki nyuma kwa ajili ya shughuli zake. Tarehe 22 Novemba meli hiyo iligongana na nyingine katika bahari ya Atlantiki, ikazama kwa muda mfupi, na watu 226 wakafa. Binti wote wanne walikuwamo. Anna aliokolewa, na alipofika nchi kavu alimpelekea mumewe simu ya maandishi yenye maana ya «nimeokoka peke yangu». Spafford akapanda meli kumfuata, na husimuliwa kwamba nahodha alimwita kumwonyesha mahali ilipozama ile ya kwanza. Maneno tunayoyaimba yalitokana na msiba huo, na mwaka 1876 Philip Bliss akayatungia sauti.

Kwa hiyo wimbo huo si wa waliozama na meli. Ni wa mzazi aliyekuwa nchi kavu, akaletewa habari ya watoto wake. Sioni wimbo unaoweza kukuhusu kwa karibu zaidi ya huo.

Sasa tuje kwenye bahari ambayo hujaiona, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tumeliimba tangu utotoni bila kulitambua. Katika Kiingereza, amani imefananishwa na mto unaotiririka, na huzuni ndiyo iliyofananishwa na mawimbi ya bahari, jambo linaloeleweka kwa baba ambaye bahari ilimchukulia watoto. Aliyetutafsiria aliuacha mto, na mawimbi yote akayafupisha kuwa neno moja, «shida». Kisha kwenye amani akaweka «shwari», ambalo ni neno la watu wa pwani, la saa ile ambayo upepo umekufa, tanga limelegea na maji yamelala. Huenda alitafuta tu silabi zinazokaa vizuri kwenye sauti ya Bliss. Lakini matokeo yake ni kwamba bahari, ambayo kwa mtunzi ilikuwa upande wa kilio, kwetu imehamia upande wa faraja. Wimbo ulikuwa umekwisha kupewa maana nyingine kabla haujafika jikoni kwako, na hakuna kwaya iliyowahi kulalamika. Ukiimba «shwari» huku unaona alfajiri ya Njombe, ukungu umelala juu ya chai na jani halitikisiki, unaendeleza kazi iliyoanzwa na mfasiri.

Mwenzako wa kwaya nadhani amenaswa na neno «umenijulisha», linalotangulia «ni salama» katika wimbo, akaona kwamba anayeimba anadai kuwa ameshajua na ameshapona. Kiingereza kinachoimbwa sana leo hakisemi hivyo; kinasema «umenifundisha kusema». Kusema na kujua ni mambo mawili tofauti, na sisi tunaozungumza Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Mtu akiingia kwenye nyumba ya msiba akauliza habari za hapa, anajibiwa «salama», halafu ndipo panafuata ule mkato mdogo wa pumzi na neno «ila»: salama, ila tumefiwa. Sijawahi kusikia mfiwa akiitwa mwongo kwa jibu hilo. Salama yetu hutangulia na habari yenyewe hufuata nyuma yake. Nawe unapoimba «ni salama» na machozi yakafuata, umejibu kama sote tunavyojibu. Hata kwa Spafford salama ile haikuwa tangazo kwamba misiba imekwisha, kwani mtoto wao wa kiume aliyezaliwa baada ya ajali alifariki mwaka 1880.

Kuhusu kuupa wimbo maana yako, nitakusimulia aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye basi nikitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kumzika baba yangu. Tulipokuwa tukipanda Kitonga nyuma ya lori la mizigo lililokwenda mwendo wa kinyonga, dereva aliweka wimbo wa mapenzi, kijana anamlaumu mpenzi wake kwa kuondoka bila kuaga. Ni wimbo ambao siku nyingine ningeomba upunguzwe sauti. Siku hiyo nililia kona zote za mlima ule, kwa sababu baba naye hakuniaga. Mama aliyekaa kando yangu alinitazama, akanipa yai la kuchemsha na kuniambia kwamba wanawake wapo wengi, mwanangu. Nililipokea, na sikumweleza. Mpaka leo wimbo ule kwangu ni wa baba, ingawa siwezi kukutana na mwimbaji wake nikamwambia kwamba alikuwa akiimba habari za marehemu. Huo ndio mpaka ninaouheshimu: ninasema «wimbo huu hunifanyia hivi», wala sisemi «wimbo huu unasema hivi». Wewe, kwa barua yako, hujauvuka popote.

Na vipande visikusumbue. Ni mara ngapi kanisani mwenyewe umesikia ikitangazwa kwamba tutaimba ubeti wa kwanza na wa mwisho tu kwa sababu muda umekwenda? Kama saa ya ukutani inaruhusiwa kuruka beti, mama mwenye wadogo wawili hawezi kukatazwa. Sababu yako ya kuuacha ubeti ule, nikuambie kweli, imenigusa kuliko beti zote, kwa maana mtu asiyetaka siku ya mwisho ihimizwe ni mtu ambaye bado ana la kesho asubuhi la kufanya.

Nitaongeza tahadhari moja. Umesema wimbo unakuletea usingizi, nami nimefurahi. Ikitokea siku ukaona unakufanya ukae na sweta mapajani mpaka viazi vya wale wawili havijapikwa, na siku hizo zikafuatana, mwendee mchungaji wako au fika hospitali uzungumze na mtu, usibaki na wimbo peke yake.

Limebaki la mama mkwe. Yeye amemzika mjukuu siku ileile uliyomzika binti, lakini katika barua yako yote hujaniambia kwaya ilipoimba yeye alikuwa wapi, wala kama kuna aliyemwuliza. Mtu anayekuhimiza utafute wimbo unaokuhusu huenda ana wake anaouimba kimoyomoyo. Jioni moja, viazi vikiwa vingi, mpe kisu cha pili, kisha umwulize yeye huimba nini.